Kitumbua mbele ya majaji

Mashindano ya picha za chakula yanayotajwa sana duniani yalianzishwa Uingereza mwaka 2011, na kwa miaka mingi yaliitwa Pink Lady Food Photographer of the Year, kwa jina la tufaha la mdhamini wake. Angalia washindi wakuu wa miaka mitatu mfululizo. Mwaka 2021 alishinda Li Huaifeng wa China kwa picha ya familia ikiandaa chakula nyumbani, jua likiwaingilia. Mwaka 2022 alikuwa Debdatta Chakraborty wa India, aliyempiga picha mchoma kebabu wa Srinagar, Kashmir, akiwa katikati ya moshi wa mkaa. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Jon Enoch wa Uingereza, kwa picha ya muuza pipi pamba wa Mumbai. Katika picha zote tatu hakuna sahani iliyopambwa ikasubiri kupigwa.

Mitaa yetu imejaa mambo ya namna hiyo, tena bila kiingilio. Lakini moshi na uso wenye jasho havitoshi, kwa sababu majaji wa mashindano haya wameshaona moshi mwingi. Tuchukue chakula kimoja, kitumbua, kinachopikwa vibarazani tangu alfajiri kotekote pwani, tukifuate kuanzia jikoni hadi kwenye uamuzi. Kila hatua ya kuhukumu ina kosa lake linaloangusha picha, na makosa hayo hayafanani.

Picha ikiwa ndogo

Mchujo wa kwanza kwa kawaida hufanyika kwenye skrini, picha zikiwa nyingi na kila moja ikipewa muda mfupi sana. Jaji hajui jina lako wala hajui uliamka saa ngapi. Anachoona ni mgawanyo wa mwanga na giza, na umbo moja au mawili makubwa. Basi jipime mwenyewe kabla hajakupima: punguza picha mpaka upana wa sentimita 3 hivi, iondoe rangi, kisha itazame ukiwa umenyoosha mkono. Jicho limetua wapi? Kama limetua kwenye ndoo nyeupe iliyo nyuma ya mama muuzaji, au kwenye mfuniko wa sufuria unaong'aa pembeni, picha hiyo imeshakwisha, hata kama kitumbua chenyewe kimetoka vizuri ajabu.

Jicho hukimbilia palipo na mwanga mkali kuliko pengine, na hasa pale mwanga unapokutana na giza. Sheria hiyo haina huruma, ila kwenye chuma cha vitumbua iko upande wako. Chuma ni cheusi, mashimo yake ni ya mviringo yaliyopangwa, na uji wa mchele na tui ni mweupe. Hata ukiipunguza picha mpaka iwe ndogo kama stempu, duara zile nyeupe juu ya weusi zinaonekana. Sasa subiri kimoja kigeuzwe. Kikipindua upande wake wa rangi ya dhahabu juu, kile kimoja kinavunja mpangilio, na jicho linakwenda hapo lenyewe bila kuelekezwa. Wengi hupiga wakati vyote vimeshageuzwa, kwa kuwa ndipo vinapopendeza kuliwa. Wanachopata ni duara za kahawia zinazolingana, na hakuna hata moja inayoita.

Ndoo nayo, usiiondoe kwa kompyuta. Sogea nusu hatua, au piga magoti ili bega la mpishi liizibe. Katika vitengo vya maisha halisi mashindano mengi hayaruhusu kufuta kitu kilichokuwepo, lakini hakuna kanuni inayomzuia mpiga picha kutembea.

Pembe ya kamera huamuliwa na chakula chenyewe, mtindo unakuja baadaye. Chuma chenye mashimo kinataka kutazamwa kutoka juu kabisa, au kwa mwinamo mkali wa nyuzi 60 hadi 70, kwa sababu ukishuka hadi 30 ukingo unaficha yaliyo ndani. Kitumbua kilichomegwa ni kinyume chake: matundu yaliyoachwa na hamira yanaonekana ukishuka chini, nyuzi 15 hadi 25. Chapati zilizopangana zinatazamwa karibu usawa wa meza, maana utamu wake uko kwenye tabaka. Urojo, ule mchuzi mzito wa Zanzibar, ni msumbufu. Ukiupiga kutoka juu unapata duara la njano lisilo na kina, na ukishuka sana unapata ubavu wa bakuli tu. Nyuzi 45 ndipo bajia na kachori zinapoonekana zimesimama ndani ya mchuzi.

Mwanga

Hapa ndipo picha nyingi za kwetu zinapopoteza alama, na sababu yake ni jiografia kwanza. Karibu na ikweta jua halikawii upeoni. Linapanda takriban nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo likichomoza kwenye saa kumi na mbili na robo, kufika saa mbili na robo limeshapanda nyuzi 30, na mwanga laini wa kupita ubavuni umekwisha. Saa nne vivuli vimekaa chini ya kidevu na chini ya chuma, na mafuta yanang'aa kwa madoa meupe yasiyo na habari yoyote ndani yake. Bahati nzuri ni kwamba biashara ya vitumbua nayo ni ya asubuhi. Dakika 40 za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo za kazi. Zinazofuata ni za kunywa chai.

Mwanga utoke nyuma ya chakula, au nyuma kwa ubavu. Ukiuchukulia chuma kuwa uso wa saa, nawe umesimama kwenye 6, jua liwe kati ya 10 na 2. Mwanga wa nyuma unafanya mambo matatu ambayo mwanga wa mbele hauwezi. Unapita kwenye ukingo mwembamba wa kitumbua, ule unaokauka kama lesi, na kuuwasha. Unachora umbo kwa kuacha kivuli upande wa kamera. Na unauonyesha mvuke. Mvuke unapoangazwa kutoka mbele haupo. Ukiangazwa kutoka nyuma, na nyuma yake pakiwa na giza, kama vile mlango ulio wazi wa chumba chenye kiza, unaonekana hadi mkunjo wake. Wanaolalamika kwamba mvuke hauonekani kwa kawaida wamesimama upande usiofaa, au nyuma ya mpishi kuna ukuta uliopakwa chokaa.

Upande wa kamera sasa utakuwa na giza. Rudisha kidogo kwa karatasi nyeupe ya manila, iliyoshikwa sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye chakula na nje ya fremu. Ukiisogeza karibu mno kivuli kinafutika, na picha inabaki bapa. Kipo pia kifaa ambacho wachache hubeba: manila nyeusi. Iweke upande wenye kivuli, na mchuzi au pilau inapata kina ambacho hakuna programu itakayokupa baadaye bila kuacha alama.

Halafu kuna turubai. Kibanda kilichoezekwa turubai la bluu kinamwaga bluu juu ya kila kitu, na bluu juu ya njano na kahawia inatoa rangi ya kijivujivu kama chakula cha juzi. Mwavuli mwekundu wa matangazo nao unageuza uji mweupe kuwa waridi. Kurekebisha mizani ya weupe, yaani kusawazisha rangi ili cheupe kitoke cheupe, kwenye kompyuta husaidia nusu tu, maana mara nyingi upande mmoja wa chakula unapata rangi ya turubai na upande mwingine unapata mwanga wa mtaani, na huwezi kurekebisha vyote viwili kwa pamoja. Ama umwombe mpishi asogeze jiko hadi ukingoni, mahali ambapo mwanga wa nje unazidi, ama ufunge shuka jeupe chini ya turubai upande ule.

Usiku, Forodhani ya Zanzibar au popote penye taa, tatizo hilohilo linarudi kwa sura nyingine. Kwa Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga ambacho namba ndogo ni ya njano na kubwa ni ya bluu, balbu ya njano iko kwenye 3000 hivi, LED nyeupe inaweza kufika 6000 au zaidi, na mkaa ni mwekundu kuliko zote. Chagua taa moja iwe bwana na upime weupe kwa hiyo. Mkaa uache uwe mwekundu, maana jaji anautarajia. Asichovumilia ni mishkaki yenye ubavu wa kijani. Umeme wa kwetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa dhaifu za LED zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa kasi ya 1/400 ya sekunde unaweza kupata mistari ya giza iliyokatiza picha. Rudi 1/100 au 1/50, na kama kitu kinakimbia mno kwa kasi hiyo, hama taa.

Kupima, kufokasi, kusubiri

Chuma cheusi kinaidanganya kamera. Inaona giza tele, inaongeza mwanga, na uji mweupe unaungua mpaka haubaki na chochote ndani. Punguza theluthi moja hadi theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu). Ugali kwenye sahani nyeupe unaidanganya kwa upande wa pili: inaona weupe mwingi, inapunguza, na ugali unatoka rangi ya saruji. Hapo ongeza theluthi mbili hadi stopu nzima. Kamera ni ileile na mpigaji ni yuleyule, ila kosa limegeuka, ndiyo maana haifai kuacha marekebisho ya jana yakalala kwenye kamera.

Uwazi mkubwa wa lenzi umeharibu picha nyingi kuliko mikono inayotetemeka. Kwa kamera yenye kihisi kikubwa, lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa), ukiwa sentimita 40 kutoka kwenye chakula, eneo lililo kali kutoka mbele hadi nyuma ni kama milimita 6 tu. Kitumbua kina upana wa sentimita 6 au 7. Utapata ukingo mkali na tumbo la ukungu, na jaji atakapoikuza atajiuliza ulikuwa unapiga nini. Kwenye f/5.6 unakaribia milimita 20, kwenye f/8 unapata 27 hivi. Anza na f/5.6 na uelekeze fokasi kwenye ukingo ulio karibu na kamera, pale kitumbua kilipokauka.

Kwa simu tatizo ni kinyume: kila kitu ni kikali, na lenzi pana inavuta kingo. Sahani ya duara inakuwa yai. Rudi nyuma hatua moja na utumie lenzi ya kukuza ya simu yenyewe, ya mara 2 au 3. Ile hali ya kufifisha nyuma kwa programu iache kabisa. Inakata mvuke kana kwamba ni uchafu, na inakula ncha za kijiti cha kugeuzia. Kwenye skrini kubwa vyote viwili vinaonekana mara moja.

Kugeuza kitumbua kwa kijiti ni tendo la chini ya sekunde moja. Kasi ya 1/250 hadi 1/500 inalishika, na kama ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, itabidi ipande hadi 1600 au 3200, ipande. Chembechembe zinasameheka, ukungu wa mwendo pasipotakiwa hausameheki. Uji unaomiminwa ni habari nyingine: kwenye 1/1000 unapata utepe uliosimama wenye tone mwishoni, kwenye 1/60 unapata mstari laini. Vyote vinakubalika, ilimradi mkono ulioshika upawa usiwe na ukungu wa bahati mbaya. Tazama raundi mbili bila kupiga. Kila mpishi ana mpangilio wake wa kugeuza, wengine wanaanza katikati na wengine wanazunguka ukingo, na ukishaujua unafokasi mapema kwenye shimo linalofuata badala ya kukimbiza kijiti. Na futa lenzi kila raundi, kwa sababu mvuke wa mafuta unaacha utando unaofanya taa zote zitoe maua.

Picha ikiwa kubwa, na wanaojua kupika

Picha iliyopita mchujo inakuzwa, na sasa inatazamwa na watu tofauti. Mashindano makubwa huchanganya majaji: wapiga picha, wahariri wa majarida, wapishi. Mpiga picha atauliza kuhusu mwanga. Mpishi atatazama kama mchele umeiva.

Ujanja wa matangazo, kama gundi inayojifanya maziwa, hapa unakugeukia. Pilau iliyopuliziwa mafuta mpaka kila punje ing'ae inaonekana kama ya plastiki. Kinachong'arisha kwa haki ni muda: wali hupigwa ndani ya dakika chache baada ya kupakuliwa, kabla punje za juu hazijakauka ncha. Ugali unafanya ngozi na nyufa upesi, basi pakua ukiwa umeshapanga kila kitu kwa kutumia bakuli la kushikia nafasi, kisha badilisha. Mchuzi wa nazi ukipoa unatengana, mafuta yanapanda juu kwa madoa. Uchanganye polepole kabla ya kila picha, au pasha vijiko viwili na umwagie juu. Mboga za majani zitolewe jikoni dakika moja kabla ya kuiva, zitamalizika zenyewe kwenye sahani.

Mafuta ya vitumbua yana mng'ao unaoudhi, na kichujio cha polaraizi, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi na kuzungushwa, kinaweza kuuondoa kwa gharama ya stopu moja na nusu au mbili za mwanga. Usikizungushe mpaka mwisho. Kitumbua kisicho na mng'ao hata kidogo kinaonekana cha jana.

Mapambo ndiyo yanayotuaibisha zaidi. Kijani cha rosemari pembeni ya ugali na samaki, ndimu iliyokatwa kifahari juu ya maharage: jaji anayekijua chakula anacheka, na asiyekijua anadanganywa. Kipimo ni rahisi, nacho ni kuuliza kama kitu hicho kingekuwepo mezani pasipo kamera. Pilau haina shida ya rangi kwa anayejua kwamba inaliwa na kachumbari. Wekundu wa nyanya na zambarau ya kitunguu vinatosha kuivunja kahawia ile, na ni vya kweli. Kitumbua kinaliwa na chai. Glasi ya chai ya rangi ikiwekwa kwenye njia ya mwanga wa nyuma inawaka nyekundu, na hakuna pambo litakaloishinda.

Lakini pia kumbuka kwamba wengi wa majaji hao hawajawahi kula kitumbua. Picha iwaambie bila maneno kwamba ni laini, kimetokana na kitu cha majimaji, kinaliwa kwa mkono. Ndiyo maana picha yenye hatua tatu ndani ya fremu moja, yaani uji kwenye bakuli, vinavyoiva kwenye chuma, vilivyoiva kwenye ungo, ina nguvu kuliko vitumbua ishirini vilivyopangwa kwenye sahani ya kaure. Mikono nayo inasema. Ionyeshe ikifanya kazi, isionyeshwe imeshika chakula kuelekea kwenye kamera kama tangazo.

Kwenye kusafisha picha, mkono uwe mwepesi. Ukiongeza rangi kwa jumla, machungwa na nyekundu huvimba kwanza, na ngozi ya mpishi inakwenda pamoja na kitumbua. Ongeza rangi moja moja, tena kidogo. Kile kitufe cha kuongeza ukali wa kingo kinachopendwa sana kinaufanya uso wa chakula uonekane una vumbi. Kuhusu picha zilizoundwa au kujazwa na akili unde, mashindano mengi sasa yanazikataa, na waliofika fainali wanaweza kuombwa faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla ya kusafishwa. Kama unapiga kwa simu, tunza faili la awali lisiloguswa.

Faili, maelezo, kitengo

Tuma JPEG yenye rangi za sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini. Ukituma ya Adobe RGB, mpangilio wenye rangi nyingi zaidi, kwenye mfumo usioitambua, kitumbua chako cha dhahabu kinafika kimefifia, na hakuna atakayekuuliza. Jina lako au nembo juu ya picha inatosha kukutoa mashindanoni. Kama washindi watachapishwa, A3 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 4961 kwa 3508. Picha ya simu ya megapikseli 12, yaani 4000 kwa 3000, inatoa kama sentimita 34 kwa 25 kwa kiwango hicho, si haba, ila usiikate ovyo: ukiondoa nusu ya picha umeondoa nusu ya karatasi.

Mtu anayetambulika awe ametoa ruhusa, kwa maandishi ikiwezekana. Mtoto, ruhusa ya mzazi. Na mama aliyekupa asubuhi yake nzima anunuliwe vitumbua, tena kwa bei anayotaja yeye.

Maelezo yawe mafupi na ya ukweli. "Ladha ya asubuhi ya Afrika" haisemi kitu. "Mpishi akigeuza vitumbua vya mchele na tui juu ya mkaa, Pangani, Tanzania, kabla ya wavuvi kurudi" inampa jaji chakula, tendo, mahali na saa. Mara nyingi utatakiwa kuandika kwa Kiingereza. Liache neno kitumbua kama lilivyo, na ueleze kwa maneno matano.

Kitengo kinaamua zaidi kuliko watu wanavyodhani. Picha ya mpishi na chuma chake ikipelekwa kwenye kitengo cha chakula mezani inashindana na studio zenye flashi nne, na itashindwa. Kitengo cha chakula cha mitaani ndicho chake. Lakini kama uso wa mpishi ndio unaoshika jicho kwenye kile kipimo cha sentimita 3, basi ni picha ya mtu, ipeleke kwenye vitengo vya watu hata kama ulikwenda kwa ajili ya vitumbua. Ada kwa kawaida hulipwa kwa idadi ya picha, na picha tano za chuma kilekile zinagawana kura zenyewe kwa zenyewe. Tuma moja ya juu yenye duara, na moja ya chini yenye mvuke. Ukishindwa kuchagua, mpe simu mtu asiyekuwepo siku ile, azipitishe haraka kwa kidole, na uangalie anasimama wapi.